Gari ya sloti kwa treki ya nyumbani: namna ya kuipima na kuitengeneza mpaka itulie

Ukitoa gari ya sloti kwenye boksi ukaiweka kwenye treki itakimbia, tena itakimbia sana, na hapo ndipo wengi wanapopotea maana wazo la kwanza linalokuja ni kutafuta mota kali zaidi. Mota ni ya mwisho kabisa wakuu. Gari itakayokupa ushindi kwenye treki ya sebuleni ni ile isiyotetemeka, ambayo ukibonyeza kontrola unajua itafanya nini, na kona ile ile inaipita vile vile raundi baada ya raundi. Kazi yote ya hapa chini ni kuondoa mtetemo, na sehemu kubwa yake inataka msasa, gundi, bisibisi ndogo na jioni moja ya utulivu, basi.

Kwa ambao ndo wanaanza: hizi ni zile gari ndogo za umeme zinazofuata mfereji, kila gari na mfereji wake, kandokando ya mfereji kuna reli mbili za chuma zinazoleta umeme, na wewe umeshika kontrola ya kuongeza na kupunguza spidi, usukani hakuna. Scalextric ya Uingereza ilianza 1957, Carrera ya Ujerumani ikaja 1963, na siku hizi Waitaliano wa Slot.it na NSR ndio wenye gari na spea ambazo watu wa mashindano wanazikimbilia. Hapa nachukulia una gari ya Scalextric ya 1:32 (yaani ndogo mara 32 kuliko gari halisi), ile ambayo mota yake imelala kwa ubavu sambamba na ekseli ya nyuma, na treki ya plastiki ya kawaida isiyo ya dijitali (za dijitali zina chipu, gari kadhaa zinaweza kutumia mfereji mmoja). Kama yako ni nyingine kanuni ni zile zile, namba tu ndo zitabadilika.

Pima kwanza, usiguse kitu

Anza na treki maana treki chafu itakudanganya kila kipimo. Chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, kiloweshe kidogo na spiriti, futa reli na sehemu yote ambayo tairi zinapita, na pale reli ilipofifia au kuanza kutu isugue na kifutio cha penseli halafu futa tena. Nyumba zetu zina vumbi, madirisha yako wazi muda wote, kwa hiyo hili sio la mara moja, ni kila unapokaa kucheza. Pitisha kidole kwenye kila kiungo cha treki, ukisikia kingo imenyanyuka kibonyeze kikae sawa, la sivyo utahangaika na gari wakati tatizo liko chini yake. Na kama gari inapoteza nguvu kila ikifika upande wa mbali na adapta, hapo umeme unapotelea kwenye viungo, vikaze kabla hujaendelea.

Sasa chagua mfereji mmoja na ubaki huo huo. Zungusha raundi chache za kupasha tairi, halafu washa saa ya simu uhesabu raundi 20 mfululizo kwa mwendo unaoumudu, gawanya muda wote kwa 20, andika. Pembeni andika gari imechomoka mara ngapi na kona ipi. Ile raundi moja ya maajabu ambayo kila mtu anaikumbuka haina maana yoyote, wastani ndio unaosema ukweli, na idadi ya kuchomoka inasema ukweli zaidi maana nyumbani kila ukichomoka unapoteza sekunde kadhaa kwenda kuiokota chini ya meza.

Halafu isikilize. Ipitishe polepole sehemu iliyonyooka ukiwa umeinama sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo wa kusaga unaopanda na spidi, hizo ni giya. Ukisikia mdundo wa haraka haraka, tak tak tak, na bodi inacheza, hapo ni tairi isiyo duara au ekseli iliyopinda. Umeme ukikatika katika, gari inakwenda inashtuka inakwenda, angalia nyuzi za shaba za mbele (zile zinazogusa reli na kuchukua umeme) au uchafu kwenye reli. Mkia ukitoka polepole kwenye kona ukarudi wenyewe hiyo ni tabia nzuri, muache. Mkia ukishika, ukishika, halafu ghafla gari ikaruka yote, hapo sumaku ndo ilikuwa inaibeba, tutafika huko.

Kanuni moja ambayo siiachi kamwe: badilisha kitu kimoja, pima tena raundi 20, andika, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja gari ikawa mbaya hutajua mkosaji ni nani.

Mezani

Fungua skrubu za chini utoe bodi taratibu, angalia nyaya za taa kama zipo. Tafuta kipande cha kioo, hata kioo cha kujitazamia kinatosha, maana kioo kimenyooka kuliko meza yoyote uliyonayo. Weka chasisi yenye magurudumu juu ya kioo, ulimi wa mbele (kile kipande kinachoingia kwenye mfereji) ukiwa unaning'inia nje ya kingo, na bonyeza kila pembe kwa kidole kimoja. Ikicheza kama kiti kibovu cha mgahawa basi chasisi imejikunja, na plastiki hizi hujikunja sana, hata zikiwa mpya.

Dawa yake ni maji ya moto. Toa mota, sumaku na ekseli zote, funga chasisi kwa mpira au selotepu juu ya kitu kilichonyooka kisichodhurika na maji, kipande cha kioo kinene au bamba la alumini, zamisha kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika chache, toa uache ipoe yenyewe ikiwa bado imefungwa. Usiikimbize na maji baridi. Ikipoa ijaribu tena kwenye kioo, mara nyingi inakuwa imetulia.

Tairi, hapa ndo penye sekunde

Kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu, fanya hiki. Tairi za kiwandani karibu zote sio duara kamili, zina mshono wa moldi katikati, na zimevalishwa tu kwenye rimu bila gundi, kwa hiyo ukiongeza spidi zinatanuka na kuzunguka zenyewe juu ya rimu. Shika gari mkononi elekeza taa, weka rula karibu kabisa na tairi ya nyuma bila kuigusa, zungusha gurudumu kwa kidole huku ukiangalia ule mwanga kati ya rula na tairi. Mwanga ukipanuka na kubana, ukipanuka na kubana, umeshaona kinachorusha gari yako.

Vua tairi, osha rimu kwa spiriti, kama rimu ya plastiki ina kipele cha moldi kikwangue kwa msasa laini. Paka superglu kidogo sana kuzunguka rimu, rudisha tairi haraka uiweke sawa kabla haijashika, acha ikauke kabisa. Baada ya hapo ndo unaichonga. Gundisha kipande cha msasa namba 120 juu ya kioo au ubao ulionyooka, peleka umeme mdogo kwenye gari, volti 5 au 6 tu, kwa waya mbili za klipu zilizoshika nyuzi za mbele, na tairi zikizunguka zishushe juu ya msasa kwa uzito wa gari wenyewe bila kukandamiza. Gusa sekunde chache, nyanyua, acha ipoe, gusa tena. Ukikandamiza raba inapata moto inachanika vipande. Tone la maji kwenye msasa linasaidia sana. Endelea mpaka tairi yote imekuwa na rangi moja ya kijivu upana mzima, halafu malizia na msasa 400. Kingo ya nje ya tairi ilainishe kidogo iwe na duara, ikiwa kali itakamata kwenye kona na kupindua gari. Vaa miwani, vumbi la raba linaruka, na ufanye hii kazi mbali na watoto na mbali na chakula.

Hii ni kwa tairi za raba. Za silikoni hazichongeki kwa njia hii, zinashika vizuri ajabu kwenye plastiki safi lakini zinaokota vumbi kama hazina akili, kwa nyumba zetu mimi nabaki na raba au yurethani. Kabla ya kila mbio viringisha tairi mara kadhaa juu ya gundi ya selotepu, utaona uchafu wote umebaki pale.

Jua pia kwamba kuchonga kunapunguza kipenyo. Tairi ya milimita 20 ukiifikisha 19 umeshusha gari nusu milimita, jambo zuri kwa kona, na umepunguza spidi ya mwisho kwa asilimia 5, jambo ambalo kwenye treki fupi hutalisikia kabisa. Ila hakikisha kulia na kushoto zimebaki sawa, pima na kaliperi kama unayo.

Ekseli na giya

Chomoa ekseli ya nyuma, iviringishe juu ya kioo. Ikipiga piga imepinda, itafutie mbadala, ekseli nyingi za 1:32 ni milimita 2.38 kwa hiyo spea zinaingiliana baina ya makampuni mengi. Zile bushi zinazoshika ekseli kama zinacheza ndani ya chasisi zigandishe kwa tone la gundi, lakini fanya hivyo ekseli ikiwa ndani ili bushi zijipange zenyewe zikitazamana, na hakikisha gundi haifiki kwenye ekseli. Ekseli iwe na mchezo kidogo wa kulia na kushoto, kidogo tu, ukizidi jaza kwa washa nyembamba (vile vipete bapa vinavyovalishwa kwenye ekseli).

Giya za kawaida za hii gari ni meno 11 kwenye mota na 36 kwenye ekseli, yaani mota inazunguka mara 3.27 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mota ya kawaida ya Scalextric inazunguka kama mara 18,000 kwa dakika kwenye volti 12, kwa hiyo gurudumu linapata mizunguko 5,500 hivi, na kwa tairi ya milimita 20 hiyo ni kama mita 5.8 kwa sekunde, kilomita 20 na kidogo kwa saa. Sasa angalia sehemu yako ndefu iliyonyooka ina mita ngapi. Mita 2? 3? Gari haitafika hata kwenye spidi hiyo iliyonayo tayari, mota ya mizunguko 25,000 utaipeleka wapi? Kitu utakachokihitaji ni kuondoka haraka na breki, na vyote viwili vinapatikana kwenye gari laini yenye tairi zinazoshika.

Kuangalia giya, shika mota, tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo. Unatakiwa usikie uwazi mdogo sana kati ya meno. Hakuna uwazi kabisa, giya zinabanana na mota inapata moto. Uwazi mkubwa, meno yatalika. Kama zinabana, mara nyingi ni kwa sababu mota haijakaa vizuri kwenye kiti chake, ibonyeze mpaka iingie, na ikishakuwa mahali sahihi igandishe kwa gundi kidogo pande zote mbili ili isicheze. Mota inayocheza ndani ya chasisi ni chanzo kikubwa cha ule mkwaruzo, watu wanailaumu giya bure. Kuna wanaopaka dawa ya meno kwenye giya wazizungushe kwa volti ndogo ili zilainike, inasaidia, ila lazima uoshe yote kwa mswaki na maji, ukiibakiza itaendelea kula meno. Mwisho tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila bushi na kwenye ncha za shafti ya mota, kwa ncha ya sindano. Tone moja. Mafuta yakizidi yanaruka mpaka kwenye tairi na utarudia kazi yote.

Mota ikiwa mpya izungushe bila mzigo kwa volti 4 hadi 5, dakika kama kumi, ili burashi za ndani zikae sawa. Ukigeuza nyaya ikarudi kinyumenyume usishtuke, zibadilishane tu.

Mbele ya gari

Hapa pameachwa sana na wengi. Ulimi unatakiwa uzame wote kwenye mfereji na ugeuke kulia na kushoto bila kukwama, waya za mota zisiuvute upande mmoja. Zile nyuzi za shaba zilizosukwa zilale bapa, zitanue kidogo ncha kwa sindano ziwe kama fagio, kisha uzikunje zielekee chini kidogo tu. Ukizikunja sana zinakuwa springi, zinanyanyua ulimi kutoka kwenye mfereji, na gari itachomoka kwenye kona rahisi ambayo haikuwahi kukusumbua. Zikiwa nyeusi zibadilishe, ni spea ya bei ndogo kuliko zote.

Magurudumu ya mbele hayaendeshi gari wala hayageuzi, kazi yake ni kuonekana na kuzuia gari isilale. Weka gari kwenye kipande cha treki uone, uzito wa mbele ubebwe na ulimi na tairi za mbele ziguse kwa mbali sana, karatasi nene ipite chini yake kwa taabu. Kama zimekandamiza chini zichonge kidogo. Halafu zipake rangi ya kucha isiyo na rangi, koti mbili nyembamba, zinakuwa ngumu na zinateleza badala ya kukamata, na gari inaingia kona bila kugombana na yenyewe.

Bodi iwe inapumua

Rudisha bodi, kaza skrubu mpaka mwisho, halafu legeza kila moja nusu mzunguko mpaka mzunguko mmoja. Ukishika chasisi ukatikisa, bodi inatakiwa icheze kidogo ikitoa sauti ya kugonga gonga. Ule mtetemo uliobaki kwenye chasisi hauhami tena kwenda kwenye bodi yenye uzito wake juu, na gari inakaa chini kwenye kona. Inachukua nusu dakika na ni bure kabisa, na katika kila gari niliyoigusa imeleta tofauti unayoiona bila hata saa. Angalia tu bodi isiguse tairi inapocheza, ikigusa kwangua ndani ya matao ya magurudumu. Na skrubu zisije zikaanguka, kipande kidogo cha selotepu juu yake kinatosha.

Sumaku au bila sumaku

Gari ya kiwandani ina sumaku chini inayoivuta kwenye reli, ndio maana inashika kona kama imeshonwa. Kwa watoto iache, wanafurahi, hawachoki kuokota gari. Lakini kwa mtu anayetaka kuendesha, itoe. Ukiitoa gari inakuwa ya polepole na tamu mara kumi, mkia unateleza, unaona kosa linakuja kabla halijafika. Jua pia kwamba reli za Carrera hazivutwi na sumaku kama za Scalextric, kwa hiyo gari ile ile itashika tofauti ukihama treki.

Bila sumaku gari inakuwa nyepesi, nyingi ziko kati ya gramu 70 na 90, na hapo unaongeza risasi. Wenye kukaa pwani mnazijua risasi za wavuvi, chukua ndogo, igonge na nyundo iwe bapa, ibandike kwa selotepu ya pande mbili ndani ya chasisi, chini kabisa, katikati kati ya mota na ulimi. Nunua mzani wa jikoni wa dijitali, anza na gramu 3, pima raundi 20, ongeza. Ulimi ukinyanyuka ukiondoka kwa kasi, sogeza uzito mbele. Mkia ukiwa mwepesi mno, sogeza nyuma karibu na mota. Uzito uwe sawa kulia na kushoto. Gramu 10 hadi 15 kwa jumla mara nyingi zinatosha, zaidi ya hapo gari inakuwa nzito kusimama. Nawa mikono baada ya kushika risasi na usiwape watoto waichezee.

Volti

Gari isiyo na sumaku kwenye volti 12 na zaidi za adapta ya kiwandani ni ngumu mno kwenye treki ndogo, unabonyeza kidogo tayari iko ukutani. Ishushe mpaka 9 au 10 na kila kitu kinabadilika, kontrola yote inatumika kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ile pawa saplai ya kurekebisha ambayo mafundi simu wanayo mezani inafaa sana, chukua yenye angalau ampea 3, na uhakikishe chanya na hasi zinaingia kama zilivyokuwa kwenye adapta ya mwanzo. Adapta yenyewe usiifungue kamwe, ndani kuna umeme wa ukutani. Treki za dijitali ziache na adapta yake, zile chipu hazitaki majaribio. Seti za Uingereza plagi yake ya pini tatu inaingia moja kwa moja kwenye soketi za Tanzania na Kenya, hapo hamna shida.

Siku ya mbio

Rudia kile kipimo cha raundi 20 kwenye mfereji ule ule, linganisha na namba za mwanzo, na utakachokiona kwanza ni kuchomoka kumepungua, muda unafuata.

Mkishindana wawili kuna jambo la haki ambalo familia nyingi hazilijui. Kwenye treki ya Scalextric mifereji iko milimita 78 mbali, na kwenye mzunguko wowote usiojikata wa nje ana safari ndefu zaidi kwa sentimita 49 kila raundi, hata treki iwe na umbo gani. Raundi 20 ni karibu mita 10, kwenye treki ndogo hizo ni raundi moja nzima na zaidi. Kwa hiyo ama mtengeneze umbo la nane lenye daraja, ambapo mifereji inalingana, ama mkimbie nusu ya mbio kisha mbadilishane mifereji na kujumlisha raundi. Na gari zibaki kwenye mifereji, madereva ndo wahame, hivyo kila mtu anaendesha gari zote mbili na hakuna wa kusema kapewa mbovu.